Kosa la Mwanafunzi na Lugha ya Kulisema: Historia ya Upimaji wa Hisabati na Sayansi Tanzania, kwa Mifano ya Kigoma-Ujiji



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika darasa la hisabati. Jibu langu ni fupi. Mwalimu wa hisabati au wa sayansi anayetaka kujua mwanafunzi wake amefika wapi hutegemea zaidi maneno ya mwanafunzi huyo, ya mdomo au ya maandishi: namna anavyouliza, anavyojibu na, hasa, anavyokosea. Kwa mintarafu hii, historia ya upimaji wa masomo hayo nchini Tanzania ni sehemu ya historia ya Kiswahili, ingawa ni nadra kuandikwa hivyo.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba taifa letu lilikuwa miongoni mwa yaliyotambua mapema kuwa mtihani mmoja wa mwisho hautoshi kumpima mtoto, na likachukua hatua. Hata hivyo, hatua hizo ziliishia zaidi katika kukusanya alama kuliko katika kumsikiliza mwanafunzi. Sababu zake ni nyingi, lakini mojawapo, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni lugha. Upimaji unaomwendeleza mwanafunzi hauwezekani pasipo lugha ambayo kwayo mwanafunzi anaweza kukosea kwa sauti, akasikika, akaeleweka.

Mifano ya darasani nitaitoa Katubuka, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa jumla. Sababu za kuchagua eneo hilo nitazieleza mahali pake.

2.0 Endelevu, endelezi na kusahihisha

Tuanze na istilahi. Mwaka 1967 Michael Scriven, mwanafalsafa aliyefanya kazi Marekani, alitofautisha tathmini inayofanywa wakati jambo bado linajengwa, ili kulirekebisha, na ile inayofanywa mwishoni, ili kulitolea hukumu. Benjamin Bloom na wenzake wakaihamishia tofauti hiyo katika ufundishaji. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College, London, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba upimaji wa aina ya kwanza, ukifanywa vizuri, huinua kiwango cha kujifunza, hususan cha wanafunzi walio nyuma.

Kwa Kiswahili aina ya pili huitwa upimaji tamati. Aina ya kwanza ndiyo yenye utata, kwani wengi huiita upimaji endelevu, na wengine upimaji endelezi. Watumiaji wengi huyachukulia maneno haya mawili kuwa visawe. Mofolojia inakataa. Endelevu linatokana na kitenzi endelea, na kiambishi -vu hutaja hali ya kitu chenyewe, kama vile tulia huzaa tulivu na vumilia huzaa vumilivu. Endelezi linatokana na endeleza, kitenzi chenye usababishi, kama chokoza inavyozaa chokozi na angamiza inavyozaa angamizi. Upimaji endelevu, basi, ni ule usiokoma: wa kila wiki, kila mwezi, kila muhula. Upimaji endelezi ni ule unaomsogeza mpimwaji mbele. Upimaji waweza kuwa endelevu miaka saba mfululizo usimwendeleze mtu hata siku moja. Tofauti hiyo ya kiambishi ndiyo muhtasari wa historia ninayotaka kuisimulia.

Neno la tatu ni sahihisha. Nalo ni kitenzi cha usababishi: kulifanya jambo lisilo sahihi liwe sahihi. Lakini katika matumizi ya shule, mwalimu aliyesahihisha madaftari 80 ni yule aliyeweka vema na mkasi, akaandika jumla chini ya ukurasa. Kosa liko palepale lilipokuwa. Kilichoongezeka ni wino mwekundu. Lugha imehifadhi wajibu ambao desturi imeuacha.

3.0 Swali la Mpemba, 1963–1969

Kabla ya kufika kwenye sera, tutazame tukio moja linalojulikana duniani kote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yake yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Na aliposhikilia swali lake aliambiwa kwa dhihaka kuwa hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekwenda kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia nchini Uingereza. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo: lini hutokea, kwa nini, na kama kweli hutokea. Kwetu sisi la muhimu si jibu. La muhimu ni kwamba kauli ileile ya mwanafunzi ilipimwa mara mbili. Mpimaji wa kwanza aliilinganisha na jibu lililomo kitabuni, akaikuta pungufu. Mpimaji wa pili aliuliza mwanafunzi ameona nini hata akasema hivyo. Tendo hilo la pili ndilo upimaji endelezi, na lilifanyika nchini mwetu wakati Scriven alikuwa bado hajaipa dhana hiyo jina.

Nitapingwa kwa haki hapa kwamba Mpemba alisoma kwa Kiingereza. Ndivyo. Lakini Tanganyika ya 1963 iliwapeleka sekondari watoto wachache mno, waliochujwa vikali, wengi wao katika shule za bweni ambamo Kiingereza kilitawala mchana kutwa. Swali linalotukabili sisi ni la mamilioni, si la wachache waliochujwa.

4.0 Kutoka Elimu ya Kujitegemea hadi alama za maendeleo

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Pamoja na mengine, maandiko hayo yaliushutumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, bila kupima uwezo wa kufikiri. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo 1977, na uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe kwa kuzingatia pia kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku. Kuanzia 1976 alama za maendeleo ziliingizwa katika matokeo ya mitihani ya taifa, na kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa nusu ya matokeo ya Kidato cha Nne.

Hatua hiyo ilikuwa ya kijasiri, na haifai kubezwa. Lakini tuangalie kilichotokea katika utendaji. Azimio lilitaka mwalimu amjue mwanafunzi. Utaratibu ulimtaka mwalimu ajaze fomu. Alama iliyoingia katika hesabu ya mwisho haikuweza tena kuwa alama ya kumfunza mtu, kwa kuwa kila kosa lililofanywa mwezi Machi lilidai malipo mwezi Novemba. Mwanafunzi mwerevu alijifunza upesi kuficha asichokijua. Naye mwalimu, aliyekuwa na madarasa yaliyofurika kutokana na mafanikio ya azimio lilelile, alitunga majaribio yaliyofanana na mtihani, kwani hayo ndiyo yaliyosahihishwa haraka. Mtihani mmoja mkubwa ukazaa mitihani midogo mingi. Upimaji ukawa endelevu, haukuwa endelezi.

Wasemaji wa Kiswahili waliliona hilo kabla ya wataalamu. Neno mtihani, tulilolipata kutoka Kiarabu, halikukomea shuleni. Mtu aliyefiwa au aliyekwama husema amepata mtihani. Neno lenye maana ya msiba na jaribu haliwezi kumshawishi mtoto kwamba anapoulizwa anasaidiwa.

5.0 Lugha ya kukosea

Mwaka huohuo wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kazi iliyofuata ya kuunda istilahi za hisabati na sayansi ni miongoni mwa kazi kubwa za kitaaluma zilizofanywa na lugha yoyote ya Kiafrika katika karne ya 20. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, dalili kwamba wanaisimu walikuwa wamejiandaa kwa sekondari.

Sekondari haikuja. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walionyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao, ingawa walipendekeza lugha hiyo iendelee. Tangu 2002 watafiti wa mradi wa LOITASA, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilinganisha ufundishaji wa baadhi ya masomo ya Kidato cha Kwanza kwa lugha hizo mbili. Na Halima Mwinsheikhe alichunguza hasa masomo ya sayansi. Tafiti hizo zilibainisha kuwa palipotumika Kiswahili wanafunzi walisema, waliuliza na walibishana; palipotumika Kiingereza peke yake, kimya kilitawala, au majibu ya pamoja ya neno mojamoja. Sera iliyozinduliwa mwaka 2015 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote, lakini hadi leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari.

Mjadala huu umezoeleka kuendeshwa kwa hoja za uzalendo upande mmoja na za utandawazi upande wa pili. Ninauingiza hapa kwa hoja nyingine. Mwanafunzi anaweza kukariri jibu sahihi kwa lugha asiyoimudu. Hawezi kukosea kwa lugha hiyo kwa namna inayomfaa mwalimu. Kosa lenye manufaa ni lile lenye maelezo nyuma yake: “Nimesema hivi kwa sababu nilidhani vile.” Sentensi ya namna hiyo inahitaji lugha yenye nafasi ya kutosha. Ikikosekana, mwalimu hubaki na jibu sahihi lililokaririwa au na kimya, na vyote viwili havimwambii kitu.

6.0 Mifano ya mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ujiji ni mji wa Kiswahili wa muda mrefu. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta tayari wafanyabiashara kutoka pwani, na ni kupitia njia hiyo Kiswahili kilivuka ziwa kuelekea Kongo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mtoto wa Katubuka leo huenda akasikia Kiha au Kibembe nyumbani, Kiswahili mtaani na sokoni, na kukutana na Kiingereza cha kusomea afikapo Kidato cha Kwanza. Mahali kama hapa panatuonyesha vizuri jinsi maana zinavyohama, au zinavyokataa kuhama, kutoka lugha moja hadi nyingine.

Tuchukue mfano wa mawese, zao linaloitambulisha Kigoma. Tuseme mwalimu wa sayansi anawauliza wanafunzi: kati ya maji na mawese ya ujazo uleule, kipi kizito zaidi? Tutarajie wengi waseme mawese. Kwa mtazamo wa mtihani, wamekosa. Kwa mtazamo wa isimu, wametumia lugha yao kwa usahihi kabisa. Kivumishi -zito kwa Kiswahili hubeba maana mbili: kilicho na uzani mkubwa, kama jiwe zito, na kisichotiririka upesi, kama uji mzito. Kinyume chake, -epesi, hubeba vivyo hivyo. Mawese ni mazito kwa maana ya pili. Kwa maana ya kwanza ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu yake. Dumu la lita 20 la maji lina takriban kilo 20. La mawese, takriban kilo 18.

Mwalimu anayepima ili kuhukumu ataweka mkasi na kuendelea. Mwalimu anayepima ili kuendeleza atauliza kwanza: “Umejuaje kuwa ni mazito?” Mtoto atasema ameyaona yakimiminwa. Hapo ndipo somo lilipo. Mawese yatamiminwa ndani ya chupa yenye maji, kila mmoja aone kilichokaa juu. Lita moja ya kila kimoja itawekwa kwenye mizani. Kisha mwalimu atatoa maneno mawili pale ambapo mtoto alikuwa na moja: mnato kwa ile sifa ya kutotiririka, na densiti kwa tungamo linapogawanywa kwa ujazo. Istilahi imefika wakati mtoto tayari ana haja nayo. Mwanafunzi huyohuyo akiwa sekondari ataweza kukariri fasili ya densiti kwa Kiingereza, akapata vema yake, na bado akaamini kwamba mawese yanayoelea ni mazito kuliko maji. Swali lililomo katika lugha yake halikuwahi kuulizwa.

Mfano wa pili ni wa hesabu za saa. Boti inaondoka bandari ya Kigoma saa 2 asubuhi na kusafiri kwa muda wa saa 5, itafika lini? Mtoto hujibu bila taabu: saa 7 mchana. Swali hilo likiandikwa kwa mtindo wa saa 24, jibu sahihi ni 13:00. Mwanafunzi anayeandika 07:00 amejumlisha sawasawa. Kosa lake ni la tafsiri kati ya siku inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza na siku inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Akipewa mazoezi 20 zaidi ya kujumlisha, atakuwa ametibiwa ugonjwa asio nao.

Mfano wa tatu ni wa sehemu. Mwanafunzi husema moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Mwulize jinsi anavyoisoma sehemu hiyo. Akisema “moja juu ya nane,” anaziona tarakimu mbili zilizopangwa. Mtake aseme “fungu moja kati ya mafungu manane yaliyo sawa,” na umkumbushe dagaa wanavyogawanywa. Mara nyingi atajirekebisha mwenyewe. Usemi wa pili unaeleza tendo la kugawa. Wa kwanza unaeleza mpangilio wa maandishi tu.

7.0 Mageuzi ya karne hii

Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulihama kutoka maudhui kwenda ujuzi, na ukataka walimu watumie mikoba ya kazi, miradi na maswali ya papo kwa papo. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020, ambao uliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo mafunzo yaliyofanyika shuleni mwao. Hatua hizi zinastahili sifa, na si bahati tu kwamba mafunzo hayo yaliegemea madarasa ambayo mwalimu na mwanafunzi wana lugha moja ya kuelewana.

Hata hivyo, kishawishi cha zamani hakijaondoka. Kile kinachofanyika mwishoni mwa darasa la nne kinaitwa Upimaji wa Kitaifa, si mtihani. Lakini kinafanywa kwa pamoja nchi nzima, kwa siku zilezile, chini ya usimamizi, na majibu yake hutoka kwa madaraja. Kubadili jina hakukubadili tendo. Aidha, darasa lenye wanafunzi 100 halimruhusu mwalimu kumsikiliza kila mmoja. Inawezekana, hata hivyo, kuuliza swali moja lililochaguliwa vizuri, wote wakaandika jibu kwenye kipande cha karatasi, na mwalimu akayagawa majibu kwa aina za makosa, bila kumpa yeyote alama. Makosa ya watoto 100 hayana aina 100.

8.0 Hitimisho

Ninatoa mapendekezo matatu. Kwanza, jibu lililotolewa kwa ajili ya kujifunza lisiingizwe katika hesabu ya matokeo ya mwisho. Historia ya tangu 1976 imetuonyesha kwamba likiingia huko huacha kusema ukweli. Pili, wakati uamuzi mkubwa kuhusu lugha ya sekondari ukisubiriwa, walimu wa sayansi na hisabati waruhusiwe bila kificho kutumia Kiswahili katika majadiliano, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Wengi wao wanafanya hivyo tayari, wakiwa na hofu ya mkaguzi. Tatu, sisi wanaisimu tuwe na kazi mpya. Tumekusanya istilahi kwa miaka mingi. Sasa tukusanye makosa. Orodha ya maneno kama -zito, saa na uzito, pamoja na fikra ambazo maneno hayo huzaa vichwani mwa watoto wa Kigoma, Pemba au Iringa, ingekuwa kitabu chenye faida kubwa katika vyuo vya ualimu. Nawahimiza wanafunzi wa uzamili mliomo humu ukumbini mlichukue jambo hili kama mada ya utafiti.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Maneno hayo hunukuliwa zaidi kwa kumwonya mkosaji. Lakini mwanafunzi ambaye kosa lake halikusikilizwa hana namna ya kutolirudia. Jukumu la kurudia huko linawaangukia waliompima wakapita. Kazi ya kusahihisha, kwa maana ile ambayo Kiswahili kimetuhifadhia, bado inatusubiri.